Fangasi za mapajani zimegoma kuisha, kila nikiacha tyubu zinarudi kubwa zaidi. Naombeni msaada

DerevaBoda_Segerea
Wakuu habari za jioni, poleni na joto. Mi ni dereva boda, kijiwe changu huku Tabata Segerea, naomba msaada maana nimefika mahali sina raha kabisa. Mwezi wa 12 nilianza kuwashwa mapajani karibu na kinena nikajua ni jasho tu, si mnajua sisi tunashinda kwenye siti kuanzia saa 11 alfajiri na koti zito kifuani juu ya joto hili la Dar, jasho linatiririka mpaka linaingia kwenye bukta. Likatoka duara moja dogo kama shilingi, pembeni lina vipele katikati panakuwa kama pamepona. Nikaenda duka la dawa nikamuelezea dada wa pale, hakuomba kuangalia na mi nisingeweza kumuonyesha watu wamejaa, akanipa tyubu akasema hii inamaliza kila kitu.

Na kweli siku ya 3 tu kuwashwa kukakata, nikaacha kupaka. Wiki 2 hazijaisha likarudi. Nikapaka likatulia, nikaacha likarudi, hivyo hivyo mpaka leo mwezi wa 4 nimeshamaliza tyubu kama 9. Sasa limepanda kiunoni, tumboni na kwenye makalio, tena halina ule mviringo, ni weusi weusi tu umesambaa, na ngozi ya mapajani imekuwa nyembamba ina michirizi kama ya mama aliyejifungua. Kinachoniuma zaidi mwanangu wa miaka 5 katoka mapunye kichwani nywele zimekatika sehemu mbili na wife nae kaanza mkononi. Mtoto nampaka tyubu hiyo hiyo. Tatizo ni nini jamani, ni dawa feki au damu yangu?

MtotoWaBuza
Pole kaka. Hiyo ni damu chafu, chemsha mwarobaini kunywa asubuhi na jioni siku 7 na uache samaki na mayai, dogo wangu alipona hivyo.

Tabibu_Mbagala
Pole sana ndugu yangu. Kabla sijaendelea naomba uchukue boksi la hiyo tyubu usome maandishi madogo ya pembeni, angalia kama kuna neno linaloanza na Clob au Betameth au Dexameth. Nina uhakika mkubwa utalikuta, kwa sababu hayo uliyoyaeleza nayaona karibu kila wiki hapa zahanati na hadithi huwa ni moja.

Hayo majina ni stiroidi. Kazi yake ni kutuliza kinga ya ngozi, yani ule mwasho na vipele unavyoviona vinaletwa na mwili wako unapopambana na fangasi, sasa stiroidi inauambia mwili uache kupambana. Mwasho unakata siku ya 3 na wewe unaona dawa kali kumbe fangasi yupo pale pale anakula bila kusumbuliwa. Ukiacha kupaka mwili unaamka unakuta mwenzako keshahamia tumboni. Hizo tyubu za mchanganyiko zina dawa ya fangasi kidogo ndani yake, ndio maana muuzaji anasema inamaliza kila kitu, ila ile stiroidi inaharibu kazi. Na ule mviringo kupotea ni kwa ajili hiyo hiyo, fangasi huwa anatembea kwenda nje ndio maana pembeni panawaka na katikati panapoa, ukishapaka stiroidi alama zote zinafutika hata daktari akiangalia kwa macho anaweza kukosea akadhani ni pumu ya ngozi, akakuandikia stiroidi nyingine! Nimeshaona hilo limetokea.

Michirizi na wembamba wa ngozi ni stiroidi hiyo hiyo. Kwenye mapaja na kinena ngozi ni laini na imefunikana, dawa inaingia zaidi kuliko mkononi.

Kuhusu damu chafu naomba tusimpoteze mwenzetu. Fangasi hawa wanaishi kwenye ngozi ya juu, nywele na kucha, chakula chao ni ile protini inayotengeneza vitu hivyo, hawatoki kwenye damu. Wanachotaka ni joto na unyevu, na boda wa Dar mwenye koti na bukta iliyoloa anawapa vyote viwili kutwa nzima.

Mama_Naima
Nimesoma mpaka nimelia maana mimi yalinikuta usoni. Nilianza na chunusi tu za kawaida nikapewa krimu saluni, wiki ya kwanza uso ukang'aa kila mtu ananisifia, sikujua ni stiroidi. Miezi 8 mbele nikikosa siku mbili uso unavimba unawaka moto kama nimemwagiwa pilipili, vipele vinatoka mpaka midomoni, nikipaka unatulia, nikawa mtumwa wa ile krimu. Daktari aliniambia niache na nivumilie na kweli siku za mwanzo ni mateso, nilifunga ushungi na barakoa kwenda kazini karibu miezi 2. Kaka ukiacha kuwashwa kunaweza kuzidi kwanza, usiogope ukarudi kupaka, nenda hospitali wakushike mkono.

DerevaBoda_Segerea
Tabibu nimesoma boksi nimekuta Clobetasol, ipo ya kwanza kabisa. Nimeishiwa nguvu, nimempaka mtoto wiki 3. Naachaje sasa, na nianzie wapi? Swali lingine, koti langu natumia na deiwaka wangu, mi asubuhi yeye jioni, inaweza kuwa chanzo?

Tabibu_Mbagala
Usijilaumu ndugu yangu, hukuambiwa.

Mtoto kwanza. Mapunye hayaponi kwa kupaka peke yake, iwe krimu nzuri iwe mbaya, kwa sababu fangasi ameingia ndani ya shina la unywele na krimu haifiki huko. Anahitaji vidonge, mara nyingi wanaanza na griseofulvini wiki 6 mpaka 8 kulingana na uzito wake, mpeleke akapimwe uzito usikadirie nyumbani. Hivyo vidonge apewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta vinaingia mwilini vizuri zaidi. Kitana, kofia na taulo vyake viwe vyake peke yake, na mkimpeleka kunyolewa mashine isafishwe kwa dawa kwanza. Kama kuna watoto wengine ndani waangaliwe vichwa hata kama hawajikuni.

Wewe omba kipimo cha kukwangua, wanachukua ule unga wa ngozi wanaudondoshea kemikali wanaangalia kwenye hadubini, ni kipimo kidogo tu wala sio cha kuogopa. Duara moja lingeisha kwa klotrimazoli ya kawaida, ile krimu ya fangasi isiyo na stiroidi, mara 2 kwa siku, unapitisha mpaka nje kidogo ya alama na unaendelea wiki 1 au 2 baada ya ngozi kuonekana imepona (hapa ndio wengi tunakosea, mwasho ukikata tunaacha). Wife kama ana moja mkononi hiyo inamtosha, ila aangaliwe kwanza. Wewe ilivyosambaa unaweza kuhitaji vidonge, na vidonge vya fangasi sio vya kujinunulia, vingine vinagusa ini, vile vya ketokonazoli Ulaya walivisimamisha tangu 2013 kwa sababu hiyo. Waombe pia wakupime sukari, fangasi inayorudi rudi wakati mwingine ndio inayotuonyesha mtu ana kisukari.

Koti ndio, na bukta zaidi. Mtafutie deiwaka koti lake, lako lifuliwe na likauke kabisa juani, kipindi hiki cha masika watu wanavaa nguo mbichi mbichi kwa sababu jua hakuna, bora upige pasi. Ukirudi mchana badilisha bukta ya ndani, vaa ya pamba isiyobana, jifute mapajani mpaka pakauke.

Dalili zikikuchanganya nenda kliniki ya ngozi, Muhimbili ipo. Na wapo matabibu wa ngozi waliosomea kile kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC Moshi kilichoanza 1992, wengine wako kwenye hospitali za kawaida kabisa, ulizia.

Kijana_Mwenge
Samahani kuingilia, mimi nina mabaka meupe kifuani na mgongoni hayawashi, nikikwangua unatoka unga kidogo. Ndio fangasi hao hao? Demu wangu anaogopa kuambukizwa.

Tabibu_Mbagala
@Kijana_Mwenge inaonekana ni utangotango, huyo ni fangasi mwingine, tunaye karibu wote kwenye ngozi na anapenda mafuta, joto likizidi ndio anaota sana. Mwambie haambukizi. Punguza kujipaka mafuta mazito mgongoni, tumia shampuu ya ketokonazoli, paka iache dakika 5 ndio uoshe. Rangi itachelewa kurudi hata miezi kadhaa wakati fangasi keshakufa, usidhani dawa imeshindwa ukaongeza.

DerevaBoda_Segerea
MREJESHO wakuu. Leo wiki ya 6. Nilienda hospitali na boksi langu mkononi, walikwangua wakakuta fangasi, sukari ipo sawa nashukuru Mungu. Nikapewa vidonge na krimu ya fangasi peke yake. Mama Naima ulisema kweli, siku 10 za kwanza baada ya kuacha ile tyubu nilikuwa silali, nilitaka kurudi dukani mara mbili nikakumbuka maneno yako. Sasa tumboni na kiunoni pameisha. Koti nimemnunulia deiwaka la mtumba pale Karume. Wife kapona kwa klotrimazoli. Michirizi daktari kasema itafifia ila haitaondoka yote. Mtoto bado wiki 2 amalize vidonge, nywele zimeanza kuota upande wa kushoto.