Muuza chai ya kijani aruhusiwe kusema inazibua mishipa ya moyo?

MkweWaBibi:
Wadau, salaam. Mama mkwe wangu ana presha ya miaka mingi, yuko kwenye amlodipini, kidonge kimoja kila siku. Hivi karibuni alipita dada mmoja anayezunguka nyumba kwa nyumba na begi la bidhaa za afya, akamwachia pakiti ya chai ya kijani kwa shilingi 45,000 na maneno haya: "Mama, siku 21 mishipa ya moyo yote imezibuka, vidonge utavisahau." Na kweli akavisahau. Wiki ya tatu kichwa kinamgonga, tunapima: 190 kwa 110.

Bibi yuko salama sasa, alhamdulillahi, amerudi kwenye dawa. Sikuja kumshitaki mtu. Ninachouliza ni kuhusu maneno. Hapa Tanzania, tangu 2019 vyakula na vinywaji viko chini ya TBS (shirika la viwango), dawa ziko chini ya TMDA (mamlaka ya dawa). Huyu dada anapita katikati. Akibanwa, hiki ni kinywaji tu. Akiwa sebuleni kwa bibi, hiki ni dawa. Msimamo wangu: chai iuzwe hata kwa laki, ila "inatibu" na "inazibua" yapigwe marufuku, kwenye pakiti na mdomoni. Mnasemaje?

KijaniDaima:
Pole mkuu, na mzee azidi kupona. Lakini kosa la muuzaji usilibebeshe jani. Kuna utafiti wa Ohsaki, jimbo la Miyagi kule Japani. Watu 40,530 wa umri wa miaka 40 hadi 79 walifuatiliwa kuanzia 1995. Waliokunywa vikombe 5 na zaidi kwa siku, vifo vyao vya moyo na mishipa vilikuwa pungufu kwa asilimia 22 kwa wanaume na 31 kwa wanawake, ukiwalinganisha na wasiofikisha kikombe kimoja. Ilichapishwa 2006 kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani, siyo gazeti la udaku. Sasa mtu akisema chai hii ni nzuri kwa moyo, uongo wake uko wapi?

MkweWaBibi:
Hakusema nzuri kwa moyo. Alisema inazibua.

Mpigahesabu:
KijaniDaima, utafiti huo naujua na ni mzuri, ila usome vizuri. Hakuna aliyepewa chai wala aliyenyimwa. Waliulizwa wanakunywa kiasi gani, kisha wakahesabiwa waliokufa. Mjapani wa vikombe vitano kwa siku anaweza kuwa na mengine mengi yanayomtofautisha na jirani yake: anakula nini, anavuta sigara au la, ana nafasi ya kukaa chini anywe chai mara tano au yuko mbioni kutwa. Watafiti hujitahidi kuyaondoa hayo kwa hesabu, lakini hayaishi yote. Na hata ukiyakubali matokeo yote, yanahusu vifo kupungua kwa watu walioinywa miaka mingi. Mshipa ulioziba ukazibuka kwa siku 21 haumo mle.

FundiUmeme_Mbagala:
Mimi nakunywa na tumbo linakaa vizuri. Hayo mengine sijui.

DirishaLaDawa:
Habari zenu. Nipo duka la dawa mwaka wa tisa na hili swali naletewa karibu kila wiki, ngoja niongee kama ninavyoongea na mteja.

Majaribio ya kugawa watu makundi mawili, hawa chai na hawa wasipewe, yapo. Mwaka 2011 yalikusanywa 14 yenye watu 1,136. Kolestro mbaya ilishuka kweli, ila kwa miligramu 2 na kidogo kwa kila desilita. Yaani mwenye 160 anakuwa na 158. Kidonge cha statini kinaweza kuishusha kwa theluthi au hata nusu. Presha nayo, majaribio 13 yaliyojumlishwa 2014 yalionyesha namba ya juu inashuka kama 2. Bibi wa mleta mada alikuwa 190. Toa mbili, bado umekaa na 188 na kiharusi kinachungulia dirishani.

Kwa hiyo anayesema chai haifanyi kitu anakosea, na anayesema inatibu anakosea zaidi. Hiyo 2 kwa mtu mmoja ni ndogo. Kwa nchi nzima siyo ndogo, na hapo ndipo wataalamu wa afya ya jamii wanapopata hamu nayo. Mgonjwa mmoja mmoja haponi kwa hesabu ya nchi nzima.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Kitu kikiwa na nguvu ya kugusa mwili kinagusa na dawa. Mwaka 2014 Wajapani haohao waliwapa watu 10 wenye afya chai ya kijani, mililita 700 kwa siku, siku 14, kisha wakawapa nadololi, dawa ya presha ya ukoo mmoja na atenololi. Dawa iliyoingia kwenye damu ilipungua kwa asilimia 85. Karibu yote ilipotea! Mwenye warfarini (dawa ya kuzuia damu isigande) naye, hasa mliobadilishiwa vali za moyo, msianze kunywa birika zima kwa siku kabla ya kumwambia daktari wenu. Wajawazito na wenye upungufu wa damu, msinywee na chakula, maana chai huzuia madini ya chuma yanayotoka kwenye mboga na maharage. Na zile kapsuli za chai iliyokolezwa ni habari nyingine kabisa. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya walisema 2018 kwamba kuanzia miligramu 800 za EGCG, kemikali kuu ya chai ya kijani, kwa siku, ini huanza kutoa dalili za kuumia. Chai ya kikombe hawakuiwekea shaka hiyo.

NauzaNaSijifichi:
Nimesoma yote na nimeumia kidogo, maana kazi yangu ni hiyohiyo. Wengi wetu hatumwambii mtu aache dawa. Lakini mnataka tuseme nini? Tukisema "ni kinywaji kizuri" nani atanunua kwa 45,000? Hospitali nako mgonjwa anaingia, dakika tatu, karatasi ya dawa, toka. Mimi nakaa na mama saa nzima, namsikiliza, nampigia simu. Ndiyo maana ananiamini mimi kuliko daktari. Hilo mlijadili pia.

MkweWaBibi:
Dada, hilo la kumsikiliza nakubali asilimia mia. Bibi hadi leo anakutetea (kama ni wewe). Lakini umejijibu mwenyewe: bila lile neno, hakuna 45,000. Basi bei ni ya neno, chai ni ya shilingi elfu chache. Kampuni kubwa ya chai ya Japani, Ito En, iliwahi kuiomba mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iruhusiwe kuandika kwamba chai ya kijani hupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Mei 2006 wakakataliwa, ushahidi hautoshi. Wenye mashamba yao na watafiti wao walikataliwa, halafu sisi tunaruhusu kwa mdomo, sebuleni, bila risiti.

KijaniDaima:
2006 ni zamani mkuu. Ushahidi umeongezeka.

Mpigahesabu:
Umeongezeka, na umeongezeka hivyo hivyo alivyoueleza dada wa duka la dawa: kidogo, upande mzuri. Haujafika kwenye kuzibua.

Mkericho:
Ndugu zangu wa Bongo, hamjambo. Mimi nimelelewa katikati ya mashamba ya chai na hii kelele ya kijani hunichekesha. Mmea ni mmoja. Jani likichumwa likapashwa moto mapema lisigeuke rangi, ni ya kijani. Likiachwa ligeuke, ni hii ya kawaida mnayokunywa kila asubuhi. Katekini zingine, yaani kemikali za jani kama hiyo EGCG, hupungua, sikatai, lakini mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Uingereza wa watu karibu nusu milioni, wengi wao wanywaji wa chai nyeusi, yaani hii ya kawaida. Wa vikombe viwili na zaidi walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 9 hadi 13, na kutia maziwa au kutotia hakukubadilisha. Ni utafiti wa aina ileile ya kuuliza na kuhesabu, kwa hivyo msinirukie. Nauliza tu, mbona hakuna anayebisha mlango kuuza majani ya kawaida kwa hela hiyo?

ShangaziWaTanga:
Kwa sababu ya kawaida tunaijua mwanangu. Na tunatia vijiko vinne vya sukari, na kando vitumbua sita. Huo moyo wetu, hiyo ya kijani itaufanya nini?

DirishaLaDawa:
Shangazi, shikamoo. Hivyo vijiko vinne tu ni kama gramu 16 kwa kikombe kimoja, na Shirika la Afya Duniani lingependa tusizidi 25 kwa siku nzima.

ShangaziWaTanga:
Marahaba. Basi nitaanza na vitumbua.

Mkericho:
Mleta mada, pakiti ya bibi bado ipo? Imeandikwa majani yametoka wapi?

MkweWaBibi:
Ninayo mkononi. Mbele kuna picha ya moyo mwekundu na mlima wenye theluji. Nyuma wameandika "imefungashwa Dar es Salaam". Shamba halikutajwa.