Wauzaji wa leopadi geko Mtwara, mtatuulia wanyama kwa uongo wenu!

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu, nimekasirika.

Mdogo wangu anakaa Chikongola, kanunua leopadi geko kwa jamaa mmoja wa hapa hapa mjini, jina naliweka kando. Pesa kaidunduliza tangu minada ya korosho. Kakabidhiwa mjusi na maelekezo ya mdomo: mpe mchicha na nyanya, mwekee mchanga wa bahari maana kwao jangwani, ukiona anapauka mpake dawa ya fangasi. Na dawa yenyewe kamuuzia yeye huyo huyo!

Mchicha? Huyu mnyama hali majani. Anakula wadudu walio hai, nyenje na panzi. Nyanya ataitazama tu huku mkia, ambako ndiko anakotunza mafuta, ukizidi kusinyaa. Nilipomwona mkia umebaki kama kijiti.

Hilo la fangasi ndilo limenipandisha presha. Leopadi geko akikaribia kujivua, ngozi hupauka, anakuwa mweupe mweupe, kisha anaivua na kuila mwenyewe. Si ugonjwa! Anachotaka ni mahali pa kujificha penye unyevu: chukua kopo la siagi, toboa mlango, weka ndani tishu uliyoilowesha. Basi. Na msiniambie Mtwara ina unyevu wa bahari wa kutosha. Chumba kizima kikiwa na unyevu ndio unamtafutia maradhi ya mapafu, yeye anataka kona moja tu. Sasa dogo kapaka dawa kama alivyoambiwa, ngozi imegandia vidoleni, imekaza, damu haipiti. Vidole viwili vimeshakauka.

Mchanga nao. Kwao ni Pakistan, Afghanistan na kaskazini-magharibi mwa India, sawa, lakini anaishi kwenye mawe na udongo mgumu, si kwenye fukwe ya Shangani. Akimrukia mdudu anameza na mchanga, tumbo linaziba. Tandika magazeti, hayana gharama.

Nikampigia muuzaji. Eti panzi wamejaa chini ya mikorosho, dogo akakamate huko. Mkuu, huu si ndio msimu wa kupuliza salfa? Unataka alishwe sumu? Nikamuuliza kuhusu kalisiamu, akacheka, "mjusi na kalisiamu wapi na wapi." Wadudu wasiponyunyiziwa unga wa kalisiamu na vitamini D3, mifupa inalainika, taya linapinda, miguu inashindwa kumbeba. Joto hata hakulitaja: upande mmoja wa tanki nyuzi 31 hadi 33, mwingine karibu 25. Desemba huku kwetu mchana hata taa huhitaji, ila usiku wa Julai kusi ikivuma na umeme umekatika, hapo ndio kazi. Nilipofika kwenye kurudisha pesa, kanibloku.

Mnyama akitunzwa anafika miaka 15, wengine 20, wewe unamuuza kama njugu za stendi.

Najua unasoma humu. Pesa ya dogo irudi yote, na ya dawa pia, mjusi anabaki kwetu. Na kama kuna mdau wa Lindi au Masasi anayefuga nyenje, aje inboksi, nawahitaji leo hii.