Kizimba, sanduku au kamba: kipi kitamtuliza kilebu wangu?

Jirani wa Muyeye
Salamu kwenu nyote. Nimepata kilebu dume wa miezi mitatu, wa kienyeji, aje kuwa mlinzi wa nyumba. Akili anazo, utulivu hana. Mtu akipiga hodi tu, keshamrukia miguuni. Mbele ya ua wangu wazee hupita na udhu wao kwenda msikitini, na alasiri watoto wa chuo. Sitaki hata mmoja aguswe na mate ya mbwa akalazimika kurudi kujitwaharisha. Usiku ndiyo analia hadi majirani wanaamka. Njia ninazozifikiria ni kizimba cha waya cha kuchomelewa na fundi, sanduku la plastiki la kusafirishia wanyama ambalo mgeni anayerudi kwao ananiuzia, au kamba chini ya mwarobaini, kama tulivyozoea. Mngechagua kipi?

Mama Gede
Sanduku litoe kwenye hesabu, kwa Malindi hii. Mbwa hatokwi jasho mwilini kama sisi. Joto analitoa kwa kuhema, na kuhema kunataka hewa inayopita. Lile sanduku lina vidirisha tu ubavuni. Februari na Machi, kabla masika hayajaingia, mnyama anaweza kuzidiwa mle ndani. Ni la safari, si la kulala kila siku. Chukua kizimba cha waya. Kiweke barazani chini ya makuti, si chini ya mabati. Usiku kifunike upande mmoja au miwili kwa leso kuukuu ili asione kila paka anayepita, na upande unakotoka upepo uache wazi.

Kaka wa Watamu
Na kamba pia, ndugu yangu, nakuomba uiache. Mbwa aliyefungwa akimwona mtu hukimbia, kamba ikamkaba. Akizoea hivyo, kila mpita njia anakuwa sababu ya maumivu. Utajikuta na mbwa mkali kwa wazee walewale unaowahurumia.

Mlezi Maweni
Kizimba ndiyo, lakini chuma peke yake hakifundishi kitu. Ukimsukuma ndani na kufunga mlango siku ya kwanza, utakuwa umemfundisha kukiogopa.

Anza na mlango ukiwa wazi, umefungiwa nyuma kwa kamba, usijifunge wenyewe. Chakula chake chote akile mle: ugali na dagaa, chochote anachokipenda. Akishaingia bila kusitasita, funga mlango akiwa anakula na ufungue kabla hajamaliza. Kisha ongeza muda kidogo kidogo, wewe ukiwa karibu. Usimtie humo kwa hasira hata mara moja.

Sasa mlango, na hapa ndipo penye dawa ya huko kuruka kwake. Shika kitasa. Akiparua au kusukuma kwa pua, ondoa mkono, usiseme neno. Akikaa chini, anza kufungua; akichomoka, rudisha mlango taratibu usimbane. Atagundua mwenyewe kwamba kutulia ndiko kunakofungua mlango. Akishalijua hilo, lipeleke kwenye geti la ua: hakuna geti kufunguka kabla hajakaa. Mimi nathamini zoezi hili kuliko kizimba chenyewe.

Kilio cha usiku kina aina mbili. Wa miezi mitatu hawezi kuzuia mkojo zaidi ya saa tatu au nne hivi, kwa hiyo akiamka katikati ya usiku mtoe, mpeleke pale pale pa siku zote, bila mchezo, arudi kulala. Kama ametoka kukojoa na bado analia, subiri anyamaze hata kidogo ndipo umwendee. Wiki za mwanzo kizimba kiwe karibu na dirisha la chumba chako. Ametoka kwa mama yake juzi tu.

Na ukosi mvue kila anapoingia, usije ukanasa kwenye waya.

Zamu ya Hoteli
Namuunga mkono Mlezi, ila sisi tunaotoka asubuhi na kurudi jioni? Kumfungia kilebu kutwa nzima ni kumtesa, na atalazimika kuchafua anapolala. Mimi nimezungushia kona ya ua wavu, kivuli kipo, maji yapo, na kizimba kiko humo humo mlango wazi. Mchana anachagua mwenyewe. Usiku na wageni wakija, ndipo nafunga.

Mlezi Maweni
Hapo sina ubishi. Kona kwa mchana, kizimba kwa kupumzika. Vilebu hulala sehemu kubwa ya siku, na kilebu anayeng'ata kila kitu saa za magharibi mara nyingi ni usingizi unamsumbua. Mpe mpira mgumu wenye tundu uliojazwa ugali, autafune mle ndani mpaka apitiwe. Mifupa iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vyenye ncha.

Jirani wa Muyeye
Nimeelewa, kamba naiacha. Nipo nyumbani asubuhi, kona nitaitengeneza kwa ajili ya mchana. Kizimba nimwambie fundi ukubwa gani?

Fundi Barani
Asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, ajinyooshe akilala. Pima kwa ukubwa atakaofikia, kisha weka ubao wa kugawa ndani unaosogezwa kadiri anavyokua. Nafasi ikizidi sasa hivi, atalala pembe moja na kukojoa nyingine. Matundu ya wavu yawe madogo, taya lisipite. Ncha zote za waya zipigwe tupa, na chini kuwe na bati la kuchomoa na kuosha. Rangi ikauke kabisa, harufu iishe, ndipo aingie.