Kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa ndiyo ulinzi wa watoto mtandaoni? Acheni utani!

Wakuu, tuambizane ukweli. COPPA, sheria ya Marekani ya 1998, inakataza kuchukua taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ridhaa ya mzazi iliyothibitishwa: fomu iliyosainiwa, malipo ya kadi, kitambulisho. Safi. Ila mtandao usiolenga watoto unabanwa pale tu unapojua kwa hakika kwamba huyu ni mtoto. Sasa kampuni gani itajitafutia kujua? Ikijua tu, imejiongezea kazi na gharama. Bora ijifanye kipofu.

Mtoto wa miaka 10 anaweka mwaka wake wa kweli, anakataliwa. Anarudi nyuma, anasogeza mwaka, anapita. FTC, tume inayosimamia sheria hiyo, inashauri ukurasa ukumbuke jibu la kwanza ili ujanja huu ugonge mwamba. Wangapi wanajali?

Na hapo ndipo balaa linapoanza. Aliyedai ana 18 akiwa na 10, akifika 13 mfumo unamhesabu 21! Akaunti ya siri, inboksi iliyofungiwa wageni, vyote walivyowekewa walio chini ya 18 vinampita kando. Akirekebisha mwaka kabla ya 13, akaunti inaweza kufutwa na picha zake zote, ndiyo maana anaficha.

Ulaya wana meno kidogo. Instagram ilipigwa faini ya euro milioni 405 mwaka 2022, kwa sababu akaunti za biashara za watoto zilianika namba za simu na barua pepe. TikTok milioni 345 mwaka 2023: akaunti za watoto zilikuwa wazi kwa kila mtu tangu kufunguliwa, na mtu mzima aliweza kujiunganisha na akaunti ya mtoto bila kuthibitishwa kuwa ni mzazi wake. Yaani "udhibiti wa mzazi" kwa yeyote anayejitokeza!

Kanuni za Uingereza zilizoanza kubana Septemba 2021 angalau zimegusa penyewe: faragha iwe juu tangu mwanzo, lokesheni izimwe, hadi miaka 18. Hilo ndilo la kudai kila mahali, siyo visanduku vya "nakubali" ambavyo hakuna anayevisoma.

Wazazi, anzeni na mwaka uliosajiliwa kwenye akaunti. Kisha nani anaruhusiwa kutuma ujumbe, kisha orodha ya marafiki ifichwe. Lokesheni izimwe kwenye programu ya kamera pia, maana picha hubeba mahali ilipopigwa, na si kila programu huifuta taarifa hiyo inapotumwa.