Mjadala: Je, ni haki mnunuzi wa plagini kuendelea kuomba ruhusa ya kuitumia?

Ndugu zangu, nimeisoma kwa makini hoja ya kaka aliyenitangulia katika mjadala huu. Anasema kwamba makufuli ya kuzuia kunakili yanayowekwa kwenye plagini za ala za muziki, yaani programu tunazoziongeza kwenye kompyuta ya studio ili itoe sauti ya piano, ngoma au besi, ni haki ya mtengenezaji, na kwamba maprodyuza wa Dar es Salaam wanaoyalalamikia ni wale ambao tangu mwanzo hawakuwa na nia ya kulipa. La kwanza naliunga mkono. La pili limenigusa, kwa sababu mimi nimelipa, risiti ninazo, na bado nalalamika.

Kuhusu haki ya mtengenezaji, sidhani kama wanamuziki wa jiji hili tunahitaji somo. Ni nani kati yetu ambaye hajapita Kariakoo akakuta wimbo aliokesha nao studio unaingizwa kwenye memori kadi ya mteja, pamoja na nyimbo nyingine mia, kwa fedha ambayo hata senti yake haimfikii mtunzi? Aliyeandika programu ya kinanda anaumia vilevile. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo tunayoitegemea tunapokwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kudai haki zetu, inalinda pia programu za kompyuta, na mtu hawezi kuishika anapodai mirabaha kisha akaiweka kando anapopakua plagini ya krak, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu Tabata nawaeleza hivyo siku ya kwanza, na nawaonyesha kwamba kisingizio hawana: ala ya kompyuta iitwayo Surge imekuwa huru kwa kila mtu tangu mwaka 2018, nyingine iitwayo Vital ilitoka mwaka 2020 ikiwa na toleo la bure, Dexed inatoa sauti za kinanda cha Yamaha DX7 bila malipo, na REAPER, programu ya kurekodia, unaijaribu kwa siku 60 kabla ya kutakiwa kulipia leseni ambayo, kwa mtu wa kipato kama chetu, ni dola 60.

Ninachobishania, basi, ni tabia ya kufuli baada ya mtu kulipa. Yapo makufuli yanayouliza mara moja tu. Ukinunua plagini ya FabFilter, u-he au Valhalla DSP, unapewa namba au faili ya leseni, unaiingiza, na kuanzia hapo ala ni yako hata kama intaneti haipo. Yapo mengine ambayo hayaridhiki na jibu la kwanza: kila baada ya muda, na mengine kila unapoifungua plagini, yanarudi kwenye seva iliyo ng'ambo kuuliza kama bado una haki ya kuitumia. Kwa mtu aliye London pengine hilo halina uzito. Hapa kwetu lina uzito, nami nitaeleza lilivyonikuta.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ya Tanzania ikadorora. Jumatatu yake dada mmoja mwimbaji alikuja kutoka Mbagala, amelipia saa nne, amebeba daftari la mashairi lililofungwa kwa mpira. Nikafungua kazi tuliyoianza wiki iliyotangulia. Ngoma zikalia, besi ikalia, na pale piano ilipopaswa kuingia kikatokea kidirisha cha kijivu kikinitaka niiunganishe kompyuta na intaneti ili leseni ithibitishwe. Nilipokifunga, noti za piano zilikuwa zikipita kwenye skrini moja baada ya nyingine, na sauti hakuna. Dada akavua hedifoni, akauliza, “Kaka, kinanda kimekwenda wapi?” Alikuwa ameuzoea wimbo kwa piano ile, na ndiyo iliyokuwa ikimpa sauti ya kuanzia kila ubeti. Nilijaribu bando za mitandao miwili, nikasubiri, nikajaribu tena, na mwishowe nikamrudishia nusu ya fedha yake. Kampuni iliyotengeneza plagini hiyo sitaitaja. Jambo ambalo halijanitoka moyoni ni kwamba mwenzangu wa mtaa wa pili, anayetumia plagini hiyohiyo ya krak, alirekodi kutwa nzima bila kuulizwa chochote.

Hapo ndipo hoja ya kaka inaponishinda kuipokea. Nakubali kwamba kufuli humchelewesha mwizi, na kwamba kwa kampuni ya watu wawili au watatu mauzo ya wiki za mwanzo ndiyo mshahara wao. Lakini likishavunjwa, na mengi huvunjwa, anayebaki amelibeba ni mnunuzi peke yake. Mtengenezaji anajua hivyo, na hata hivyo mzigo hauondolewi.

Dada mchangiaji wa tatu ametushauri tununue kifunguo cha USB, kama iLok cha kampuni ya PACE, kwa kuwa leseni hukaa ndani yake na intaneti haihitajiki kila mara. Ni ushauri mzuri kwa mwenye studio ya kudumu, na ni bora kuliko iLok Cloud, huduma ya leseni za mtandaoni ambayo hutaka intaneti muda wote unapofanya kazi. Hata hivyo tuangalie gharama. Kifunguo hicho, hata kabla ya usafirishaji, kinazidi bei ya biti moja ninayouza, na ni kitu kidogo kama flashi kinachobeba haki zote za ala ulizonunua kwa miaka. Kikidondoka kwenye daladala kati ya Tabata na Kinondoni, umebaki na plagini zisizofunguka, na kampuni yenyewe huuza kinga ya kila mwaka kwa ajili ya kupotea au kuibiwa. Tena kifunguo mkononi hakimwondoi mtu kwenye seva moja kwa moja: Juni 2013, PACE ilipowahamishia watumiaji wake kwenye mfumo mpya wa kusimamia leseni, watu wengi wenye leseni halali walishindwa kuzifikia kwa siku kadhaa, wakiwemo maprodyuza waliokuwa na wateja mlangoni.

Kuna jambo jingine ambalo halijaguswa hapa, nalo kwangu ni kubwa kuliko yote, yaani umri wa kazi zetu. Wimbo unaweza kuhitaji kufunguliwa tena baada ya miaka kumi, mwimbaji akitaka kuurudia au kampuni ya matangazo ikiomba toleo lisilo na sauti ya mtu. Je, kampuni ya plagini itakuwepo? Camel Audio ilifungwa mwaka 2015 na kuingia mikononi mwa Apple. Waliokuwa wamehifadhi faili za kusakinisha na leseni zao waliendelea kuitumia ala yake ya Alchemy, wasiohifadhi wakaikosa. Machi 2023 Waves ilitangaza kwamba haitauza tena leseni za kudumu, bali malipo ya kila mwezi au kila mwaka tu, na ilichukua siku chache za hasira za wateja kabla ya kurudisha utaratibu wa zamani. Nafurahi kwamba walisikiliza. Lakini ingekuwaje kama wangeshikilia msimamo?

Wala sisemi haya nikiwa nimekata tamaa, kwa kuwa Steinberg, kampuni iliyotuletea VST, mfumo unaoziwezesha plagini kufanya kazi ndani ya programu za kurekodia, mwaka 1996 na kwa miaka mingi ikaifungia programu yake ya Cubase kwa kifunguo cha USB, iliachana na kifunguo hicho ilipotoa Cubase 12 mwaka 2022. Haikufilisika. Ninachoomba kwa watengenezaji wengine ni hicho hicho: ukaguzi ufanyike mara moja wakati wa kusakinisha, wanaosisitiza kurudia waache walau mwezi mzima wa kufanya kazi bila intaneti, na kampuni inayofunga milango yake itoe kwanza toleo lisilohitaji seva. Kaka aliyenitangulia ningependa anionyeshe ni lipi kati ya hayo linalompa mwizi nafasi ambayo leo hana.

Kwa sasa nimejiwekea utaratibu wangu. Kila usiku kabla ya kuzima kompyuta naigeuza kila njia yenye plagini ya kukagua leseni kuwa faili ya sauti, naiweka kwenye diski ya nje, ndipo nalala. Kazi ya dada wa Mbagala tuliimaliza hivyo. Alipokuja wiki iliyofuata akitaka noti za mwisho za piano zishushwe kwa sababu koo lilikuwa limekauka, ilinibidi nimwombe asubiri, kwa maana sauti iliyogandishwa kuwa faili si rahisi kuibadilisha noti, na ile piano yenyewe siku hiyo ilikuwa imeanza tena kuniuliza mimi ni nani.