Naombeni ushauri: kifaru gani cha majaribio nikipendekeze War Thunder, Valiant au Osorio?

Mwana_Likoni

Wanajamvi, hamjambo? Nacheza War Thunder, mchezo wa vita wa kwenye kompyuta, huu mwaka wa nne, upande wa Uingereza. Toleo la Ixwa Strike lilipotoka Machi 2021 na kuleta magari ya Afrika Kusini chini ya Uingereza, nilifurahi kama aliyepata mgeni kutoka kwao. Ratel, Rooikat, Olifant! Hata TTD imo mchezoni, na lile ni gari la majaribio lililotengenezwa moja tu. Tangu hapo nimekuwa nikijiambia kwamba ipo siku nitaandika pendekezo langu mwenyewe la kifaru cha kuongezwa mchezoni.

Mimi ni wa Mombasa. Kenya ilinunua vifaru 76 aina ya Vickers Mk 3, na mjomba wangu alikuwa dereva wa kimojawapo mpaka alipostaafu. Kwa hiyo jina la Vickers nimekua nalo nyumbani. Katika kufuatilia ukoo wa kifaru hicho nikamkuta mdogo wake, Vickers Valiant, aliyeonyeshwa Uingereza mwaka 1980. Bodi ya alumini, deraya ya Chobham (ile ya Kiingereza ya tabaka nyingi, ambayo undani wake ni siri), injini ya Rolls-Royce ya nguvu farasi 1000, uzito wa tani 43 na kidogo. Hakuna nchi iliyokinunua. Kila nikikitazama kwenye picha naona kifaru kilichostahili bahati nzuri zaidi.

Cha pili ni Osorio cha Brazil, cha kampuni ya Engesa. Nacho mnara wake, yaani sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga, ulibuniwa na Vickers, ndiyo maana nimekifikia.

Sasa naomba mnisaidie. Nguvu za kuandika pendekezo moja lililoshiba ninazo, mawili siwezi. Nichague kipi? Halafu kuna jambo jingine. Mjomba ana kitabu cha zamani cha matengenezo cha Mk 3, kina michoro na vipimo, na kwenye jalada kuna muhuri wa kuzuia kusambazwa. Nilifikiri nipige picha kurasa chache niambatishe, maana wasimamizi wanataka vyanzo. Mnaonaje?

Panya_Buku

Kaka, kwa nini usiombe kitu kikubwa watu wakashtuka? Ratte ya Wajerumani, P.1000. Tani 1000, mizinga ya meli ya milimita 280. Mimi ningeipigia kura usiku wa manane.

Fundi_Minyororo

Panya_Buku, Ratte haikuwahi kutoka kwenye karatasi. Mhandisi Grote aliichora 1942, waziri wa silaha Speer akaifuta 1943, basi. War Thunder si World of Tanks, ule mchezo mwingine wa vifaru. Kule hata Kranvagn cha Sweden kimo kamili, ilhali katika maisha halisi zilijengwa chasisi mbili tu na mnara wake haukuwahi kufungwa juu. Kila mchezo na desturi yake, na mimi naipenda hii ya kwetu: kilichojengwa ndicho kinachopigana.

Wakongwe humu wanakumbuka 2019. Panther II, Tiger II ya milimita 105 na Coelian viliondolewa kwenye mti wa Wajerumani, yaani orodha ya magari ya nchi hiyo mchezoni, kwa sababu havikuwahi kuwepo kwa sura ile. Waliokuwa navyo wakabaki navyo. Maus, kifaru kizito kupita vyote vya Wajerumani, nayo ikafichwa wakati uleule, ingawa ilijengwa kweli: mbili, tani 188 kila moja, na iliyobaki iko Kubinka, bodi ya ya kwanza na mnara wa ya pili. Ile iliondoka kwa ajili ya mizani ya mchezo. Kwa hiyo, Mwana_Likoni, "kilikuwepo" ni hatua ya kwanza tu. Inabidi uonyeshe pia kitapigana na nani na kwa nini mtu akitake.

Mswahili_wa_Maskati

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, mimi niko Maskati na kura yangu ni ya Osorio, tena bila kusita.

Huku jangwani ndiko kifaru kinapojulikana. Oman imetumia Chieftain, wakakiita Qayd al-Ardh, kisha wakanunua Challenger 2 thelathini na nane, kwa hiyo mazungumzo haya kwetu ni ya barazani. Mwaka 1987 Saudia waliita vifaru vinne kwenye majaribio: Abrams, Challenger, AMX-40 ya Ufaransa, na huyo Osorio wa Brazil, nchi ambayo haikuwahi kuuza kifaru kikubwa duniani. Na alisimama nao! Mwisho Saudia wakachukua Abrams, na Engesa ikafilisika 1993. Vilivyobaki ni vifaru viwili vya majaribio, kimoja cha mzinga wa milimita 105, kingine cha 120 wa Kifaransa, na vimehifadhiwa hukohuko Brazil. Una picha, una majaribio yanayojulikana, una habari ya kumshika msomaji. Valiant alionyeshwa kwenye maonyesho, akarudi nyumbani.

Fundi_Minyororo

Sheikh, habari ya Osorio ni tamu, sikatai. Lakini utakiweka wapi? Brazil haina mti wake. Kila pendekezo lake huishia kwenye ugomvi wa kiingizwe kwenye mti wa nani, na kifaru chenyewe kinasahaulika. Nimeshuhudia mara nyingi, watu kurasa kumi wanabishana bendera.

Valiant hana tatizo hilo. Na kwa mchezaji wa Uingereza ana jibu la kilio cha siku nyingi. Chieftain ana mzinga mzuri ila ni mzito wa kutembea, tani 55 hivi na nguvu farasi 750. Piga hesabu: kama 13 na nusu kwa tani. Valiant anakaribia 23. Hiyo ni tofauti ya kufika kilimani kwanza au kufika umeshapigwa. Andika hiyo hesabu kwenye aya ya kwanza kabisa.

Tena mnara wake ulibuniwa kubeba mzinga wowote kati ya mitatu: L7 wa milimita 105, L11 wa 120 au Rheinmetall wa 120. Watengenezaji wanapata gari moja lenye sura tatu. Na mnara huo uliendelezwa ukawekwa juu ya chasisi ya Leopard 2 mwaka 1985, wakaita Mk 7, ukajaribiwa Misri. Kwa hiyo ukoo wake unafuatika.

Mama_Deraya

Mwanangu Mwana_Likoni, wenzako wamekujibu la kifaru, mimi nakujibu la kitabu. Usikipige picha. Hata ukurasa mmoja, hata jalada.

Mwaka 2021 mchezaji mmoja aliweka kurasa za kitabu cha Challenger 2 mtandaoni ili ashinde ubishi kwamba kifaru hakikuchorwa sawa. Wasimamizi wakaziondoa, kampuni ikasema wazi kwamba hati ile bado ni siri na kuisambaza ni kuvunja sheria. Mwaka huohuo mwingine akafanya hivyohivyo kwa Leclerc ya Ufaransa. Hakuna kilichobadilika mchezoni kwa ajili yao, maana watengenezaji hawathubutu kutumia vyanzo vya namna hiyo. Unaelewa? Unajitia hatarini kwa kitu ambacho hakitapokelewa.

Na wewe si peke yako humo. Kenya ina sheria ya siri za serikali, na aliyekula kiapo ni mjomba wako. Muhuri ule haufutwi na umri wa karatasi. Yeye ndiye atakayeulizwa kitabu kilitokaje nyumbani, mzee wa watu aliyestaafu kwa heshima yake.

Halafu tazama tena: kitabu ni cha Mk 3. Kifaru hicho kina mnara wa chuma na hakina Chobham. Valiant ni gari jingine, bodi nyingine, injini nyingine. Kitabu kingekusaidia nini?

Mwana_Likoni

Mama, ahsante sana. Nakiri nilikuwa nafikiria vyanzo tu, sikumfikiria mzee. Na hilo la mwisho limeniingia, nilichanganya magari mawili kwa sababu ya jina moja. Je, deraya ya Valiant nitaielezaje kama undani wa Chobham wenyewe hautolewi?

Mama_Deraya

Eleza kilichotangazwa na wauzaji wenyewe: imo, iko mbele na ubavuni, na uzito wa gari zima. Unene usiubuni. Watengenezaji wana njia zao za kukadiria, ndivyo walivyofanya kwa Challenger. Tafuta majarida ya maonyesho ya miaka ile, vipeperushi vya Vickers, na vitabu vya vifaru vilivyochapishwa kwa umma. Jumba la makumbusho ya vifaru la Bovington, Uingereza, linajibu barua za watu wa kawaida, waandikie kwa adabu useme unatafuta nini.

Mswahili_wa_Maskati

Mama amesema kweli tupu. Mimi bado ni wa Osorio, lakini pendekezo likitoka nitalipigia kura, kifaru kimoja cha Vickers kikifungua njia cha pili kitapita. Ukiwa na maandishi ya Kiarabu kuhusu majaribio ya Misri, nitumie nikutafsirie.

Mwana_Likoni

Nawaletea mrejesho. Nimechagua Valiant. Bovington nimewaandikia jana, na hesabu ya Fundi ndiyo inayofungua rasimu.

Jumapili nilikwenda kwa mjomba, nikamwambia ukweli nilichokusudia kufanya na kitabu. Alinyamaza muda, akakichukua akakifungia kabatini, hakunigombeza. Kisha nikamwonyesha picha ya Valiant kwenye simu. Akavaa miwani, akaivuta karibu, akauliza dereva anakaa upande gani. Nikamwambia ndilo jambo ninalolitafuta. Ameniambia nikipata jibu nirudi nimwambie.