Uchovu usioisha baada ya homa: nianze na virutubisho gani?

MamaShani:
Habari zenu wana jukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa waliopitia hali hii au wenye taaluma ya afya.

Tangu nipone homa kali mwaka jana, mwili haujanirudia. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikifua au nikikaa kwenye kikao kirefu, siku hiyo naweza kumaliza vizuri tu, ila kesho yake au keshokutwa nashindwa hata kunyanyua mikono. Akili inakuwa nzito, neno nililotaka kusema linapotea. Nikisimama kwa muda, moyo unakwenda mbio na kizunguzungu kinanishika. Nilipimwa wingi wa damu, nikaambiwa uko sawa, ni mawazo tu, nipumzike.

Ndugu na marafiki wameniletea madini ya chuma, B kompleksi, biotini na koenzaimu Q10. Kuna anayesisitiza magnesiamu, na mwingine anauza mitishamba ya "kusafisha mwili na kurudisha nguvu". Mume wangu anasema nianze vyote kwa pamoja. Biotini na B kompleksi nimeshaanza, hivyo vingine naviogopa. Kuna aliyepona kwa njia hii? Na nianze na kipi?

Kipepeo:
Pole sana dada. Mimi magnesiamu ndiyo iliyonitoa. Kunywa usiku kabla ya kulala, baada ya wiki chache utakuja kunishukuru.

Damu Moto:
Mwili ukikaa bure unazidi kulegea. Anza mazoezi, kila siku ongeza kidogo, hata kama hujisikii. Jasho likitoka na uchovu unatoka.

Mfamasia Mkongwe:
Pole dada. Usianze vyote kwa pamoja. Ukipata nafuu hutajua ni kipi kimekusaidia, na ukidhurika hutajua ni kipi kimekudhuru. Kirutubisho kinamsaidia sana mtu aliyepungukiwa nacho. Kwa asiyepungukiwa, ushahidi ni hafifu. Kwa hiyo cha kwanza ni kujua una upungufu gani.

Chuma nakianza kwa sababu ndicho chenye ushahidi mzuri, na ndicho kinachokosewa zaidi. Ulichopimwa ni hemoglobini, yaani wingi wa damu. Akiba ya chuma mwilini hupimwa kwa ferritini, na mtu anaweza kuwa na hemoglobini ya kawaida huku akiba imeisha, hasa mwanamke anayepata hedhi nzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha wanawake 198 wenye uchovu, wasio na upungufu wa damu, ila ferritini yao ilikuwa chini ya mikrogramu 50 kwa lita. Waliopewa miligramu 80 za chuma kila siku kwa wiki 12, uchovu wao ulipungua kwa karibu asilimia 48. Lakini hata waliopewa vidonge visivyo na dawa walipata nafuu ya karibu asilimia 29. Kipepeo, simaanishi kwamba hukupona. Ninachosema ni kwamba nafuu ya mtu mmoja haitoshi kutuambia kidonge ndicho kilichofanya kazi. Na dada, chuma usinywe bila kipimo: mwili hauna njia nzuri ya kukitoa kikizidi, kinajikusanya kwenye ini na viungo vingine. Kifiche mbali na watoto, maana kinaua.

Magnesiamu ilivuma tangu utafiti wa mwaka 1991 uliotolewa na jarida la tiba la Lancet. Wagonjwa wa uchovu sugu walikuwa 32 tu, tena walipewa sindano na si vidonge: kati ya 15 waliochomwa magnesiamu, 12 walisema wamepata nafuu, na kati ya 17 waliochomwa maji, 3. Utafiti huo ulisema pia kwamba wagonjwa hao wana magnesiamu pungufu, ila waliochunguza baadaye hawakuukuta upungufu huo kwa wagonjwa wao. Haina hatari kubwa kama figo ni nzima, ila ikizidi utaharisha.

Koenzaimu Q10, inayosaidia seli kutengeneza nguvu, imejaribiwa Hispania pamoja na NADH, kemikali nyingine ya kazi hiyo hiyo, na wagonjwa wa uchovu sugu walieleza kupungua kwa uchovu wa akili. Ni dalili njema, bado si tiba. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse bila daktari wake kujua.

B kompleksi, angalia kiwango cha B6 kwenye lebo. Ikiwa nyingi kwa muda mrefu inaharibu neva, miguu na mikono inakufa ganzi. Na B12 ipimwe, hasa kama unatumia metformini (dawa ya kisukari) au omeprazoli (dawa ya asidi ya tumbo) kwa muda mrefu.

Mitishamba usiyoambiwa ina nini, iache. Hypericum, kwa mfano, ambao ni mmea unaotumiwa kutuliza sonona, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za VVU.

Nusu Kasi:
Wadau, naona wengi wamelipita jambo kubwa kwenye maelezo ya MamaShani: anazidiwa kesho yake au keshokutwa. Dada, naishi na ugonjwa wa uchovu sugu, huo unaoandikwa ME/CFS, na sentensi yako ningeweza kuiandika mimi.

Mwaka 2015 taasisi ya tiba ya Marekani ilitoa vigezo: uchovu uliopunguza uwezo wako kwa miezi 6 au zaidi, kuzidiwa baada ya shughuli, na usingizi usioburudisha. Juu ya hayo kuwe na ama akili kuwa nzito, ama dalili zinazozidi ukisimama. Wewe umevitaja vyote. Sikupi jina la ugonjwa, hiyo ni kazi ya daktari baada ya kuondoa mengine kama tezi ya shingo, kisukari, kifua kikuu, VVU, figo, sonona na kukatika pumzi usingizini. Ila mwambie hivyo hivyo ulivyotuandikia.

Damu Moto, nakuomba kwa heshima ushauri ule usimpe mtu wa namna hii. Mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, unakataza kumpa mgonjwa huyu mpango wa kuongeza mazoezi kwa hatua zilizopangwa. Niliwaona wenzangu waliolazimishwa wakaishia kitandani. Kinachosaidia ni kupunguza shughuli kabla mwili haujagoma: fua nguo chache, kaa chini ukifua, pumzika ungali na nguvu. Inauma kuacha kazi nusu, lakini ndivyo siku zinavyopatikana. Mwongozo huo huo unasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba vitamini na madini vinaponya ugonjwa huu. Unawakumbusha tu vitamini D wale wasiotoka nje.

Damu Moto:
Nimeelewa, kaka. Sikujua kuna uchovu wa namna hiyo.

MamaShani:
Nimesoma nikalia. Sikujua kama kuna mtu mwingine anayezidiwa siku ya pili. Nimepata miadi kwa daktari mwingine wiki ijayo. Niende na nini? Na hivi vidonge nilivyoanza niendelee navyo?

Nusu Kasi:
Andika kila siku ulichofanya na ulivyoamka siku mbili zilizofuata. Mwombe akupime mapigo ya moyo ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama kwa dakika 10. Kwa mtu mzima yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika, hilo linahitaji kufuatiliwa. Ukiweza, nenda na mumeo, asikie mwenyewe.

Mfamasia Mkongwe:
Biotini acha leo. Dozi kubwa, zile za nywele na kucha, zinaweza kuvuruga kipimo cha tezi ya shingo kionekane una homoni nyingi kumbe huna. Inatakiwa ikae angalau siku 2 bila kutumika kabla ya damu kuchukuliwa, na B kompleksi nyingi nazo zina biotini, kwa hiyo iweke pembeni pia. Chuma usikianze mpaka ferritini ipimwe, tena upimwe ukiwa huna mafua wala homa, maana uvimbe mwilini huipandisha ikaonekana nzuri. Chupa zote nenda nazo mkononi, daktari asome lebo mwenyewe.